Pazia la Mama Mkwe

Mimi ni fundi wa mapazia mjini Mbinga, na kwa miaka mingi niliamini hakuna mtu wilaya nzima anayelijua pazia kunishinda. Nina cherehani mbili, meza ndefu ya kukatia, na majora ya vitambaa yamepangwa hadi yameziba nusu ya dirisha. Mteja akiingia dukani, kabla hajafungua kinywa nimeshamjua. Mwalimu mpya anataka pazia la kuficha chumba ambacho hakijapata kitanda. Mkulima aliyevuna kahawa vizuri anataka mazito, yenye maua makubwa, yaburuze sakafuni, ili wapita njia waone kwamba mwaka huu mambo si haba. Mjane mmoja alikuja kutaka rangi ya njano, ile ambayo marehemu mumewe aliikataa maisha yao yote ya ndoa. Nilimshonea kwa heshima zote. Alipokuja kuchukua mzigo wake alikunjua pazia moja palepale mezani, akalitazama muda mrefu, kisha akacheka peke yake.

Huku milimani kuna baridi, kwa hiyo pazia la dirishani kwanza ni blanketi la nyumba. La mlangoni ni habari nyingine. Mlango wa mbao ukiwa wazi na pazia limeshushwa, maana yake watu wamo, piga hodi, usubiri uitwe. Mtoto wa miaka mitatu anajua hivyo. Kanisani nako nilipokuwa mdogo, mwisho wa Kwaresima walifunika misalaba na sanamu kwa vitambaa vya zambarau, na mimi nilivikodolea macho vile vitambaa kuliko nilivyowahi kuitazama misalaba yenyewe. Nilimuuliza mama kwa nini wamemfunika Yesu. Akanifinya.

Basi nilikua nikijiona mjuzi. Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana, na mimi nilikuwa mmoja wa hao wasioambiwa. Aliyekuja kuniambia ni mama mkwe wangu.

Mke wangu ni wa ziwani, kijiji kimoja mwendo mfupi kutoka Mbamba Bay. Mimi Mmatengo, wao Wanyasa, na lugha inayotukutanisha ni Kiswahili. Mama yake ni mtu wa desturi za zamani, na katika desturi hizo mama mkwe na mume wa binti yake hawaonani uso kwa uso. Hawakai chumba kimoja, hawali pamoja, hawashikani mkono. Hata kwetu wazee walikuwa nayo, ila mjini imekufa siku nyingi. Kwake yeye haikufa. Siku ya harusi yetu alikaa kanisani amejifunika khanga kichwani hadi kidevuni, na katika picha zote anaonekana kama furushi jema lililowekwa kwenye benchi.

Miaka kumi na mmoja niliishi naye hivyo. Nikifika kijijini nilikuwa nakohoa kwenye mpapai ulio mbele ya nyumba. Ndiyo hodi ya mkwe. Nikisikia kigoda kinaburuzwa ndani, nilijua ameshaondoka sebuleni na kuingia kwenye ujia unaoelekea vyumbani, na kati ya sebule na ujia ule palikuwa na pazia. Mimi naketi kwenye kochi, yeye anaketi kigodani upande wa pili, hatua mbili kutoka kwangu, na hapo ndipo mazungumzo yanaanza.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba baba. Kochi limelia. Umenenepa tena?”

Alikuwa na sauti kubwa, ya mtu aliyezoea kuita mitumbwi iliyo mbali majini. Aliniuliza habari za kahawa, za mvua, za wateja wangu wenye maringo. Alinisimulia nani kavua mbasa mkubwa na nani kadanganya kwamba kavua. Saa tatu, saa nne zinapita, tunaongea na pazia lipo katikati, na nilirudi Mbinga nikiwa nimecheka kuliko nilivyocheka mwezi mzima. Simu zilipozoeleka tukawa tunapigiana pia, kwa sababu katika simu hakuna uso. Mara moja nilikuwa sebuleni kwake simu yangu ikaita, kumbe ni yeye, yuko jikoni uani, ananiuliza kama ugali wa muhogo umenitosha.

Sasa kosa langu. Mwaka wa tano au wa sita wa ndoa niliona lile pazia lake limechakaa, limepauka, pindo limeliwa na panya. Nikasema, mimi fundi, mama mkwe wangu anakaa nyuma ya tambara? Nikachukua kitambaa bora kuliko vyote nilivyokuwa navyo dukani, neti nyeupe laini iliyotariziwa majani, ile ambayo wake za wakubwa wanaigombania. Nikaishona kwa marinda mengi. Tulisafiri mimi na mke wangu, nimeipakata magotini, isijikunje. Nikaitundika mwenyewe, mama akiwa kisimani, nikaketi kungoja sifa.

Alirudi. Nikakohoa. Kigoda hakikuburuzwa. Nikasikia nyayo zikizunguka nyumba kwa nje, mlango wa uani ukafungwa, halafu kimya. Nilikaa saa nzima kama mshtakiwa. Mwishowe simu ikaita.

“Mkwe,” akasema, “umeniletea pazia au chandarua?”

Ndipo nikainua macho. Kupitia ile neti yangu ya wakubwa niliona ujia wote: ukuta, ndoo, kigoda, hata kibiriti kilichoanguka sakafuni. Nilikuwa nimelipenda pazia kwa uzuri wake nikasahau lipo kwa kazi gani. Niliona aibu hadi masikio yakapata moto. Mke wangu alicheka njia nzima hadi tukafika nyumbani, na faini yangu ilikuwa kuku wawili na kushona upya.

Safari hiyo nilishona kwa akili. Nilichukua kitambaa kizito cha kahawia, nikakitia bitana, upindo mpana, kirefu kuliko mlango. Mama alimwagiza binti yake asimame na tochi upande mmoja, yeye akasimama upande wa pili kutazama kama mwanga unapita. Haukupita.

“Hili sasa limeshonwa na mtu anayeniheshimu,” akasema.

Nimeshonea mapazia nyumba nyingi. Sijapata kusifiwa vile.

Ilikuwa mwaka jana, masika, nilipopata kazi ya kutundika mapazia katika nyumba ya wageni pale Mbamba Bay. Niliteremka na pikapu yangu ya zamani yenye viti vya nyuma. Mke wangu alibaki Mbinga kwa sababu ni mwalimu na wanafunzi walikuwa kwenye mitihani. Nilipomaliza kazi, kabla ya saa sita mchana, nikaona nipitie kijijini kumsalimu mama, nimpelekee maharage na viazi.

Kijiji kilikuwa kimehama. Katekista wao mzee alikuwa amefariki, akawa anazikwa kwao, Kingerikiti, na watu walikuwa wamepanda malori tangu alfajiri kwenda kumzika. Shemeji yangu, mtoto wa kiume wa mama, naye alikuwa huko pamoja na mkewe. Nilikohoa kwenye mpapai. Nikakohoa tena. Aliyetoka ni bibi jirani, mzee kama mama mwenyewe, mkono wake mmoja umepooza.

“Baba, afadhali umekuja,” akasema. “Mwenzangu anakufa.”

Ndani kulikuwa na nesi wa zahanati, msichana mwenye mimba ya miezi minane, tumbo limemtangulia. Alitoka ujiani akafunga pazia nyuma yake vizuri, kisha akanieleza kwa sauti ya chini. Mama alianza kuumwa usiku. Tumbo limevimba, limekuwa gumu, anatapika vitu vya kijani. Zahanati haina cha kumfanyia.

“Tumbo hili ni la kisu,” akasema. “Apandishwe Mbinga hospitali sasa hivi. Akingoja jioni, sidhani.”

Nikasema gari ninalo. Tumbebe tuondoke.

Nesi akanitazama. Akalitazama tumbo lake. Akamtazama bibi na mkono wake uliopooza. Mwenye mikono na mgongo mle ndani nilikuwa mimi peke yangu, na mimi ndiye mwanamume mmoja duniani ambaye hakupaswa kumgusa.

Alirudi ndani kumwambia. Nilisikia wananong’ona, kisha sauti ya mama, ile kubwa, sasa imebaki nusu: “Mwanangu atarudi jioni. Nitamsubiri.” Nikampigia mke wangu, nikampa nesi simu aipeleke ndani. Nilimsikia mke wangu akilia kwenye spika, akimwambia mama kubali, mama tafadhali, Mungu anaona. Mama akamjibu kwa Kinyasa maneno machache tu. Simu ikarudishwa kwangu. Jibu lilikuwa lilelile.

Kijana wa kutafutwa hakuwepo. Bibi alikwenda nyumba tano, akakuta watoto na wazee. Shemeji hakupatikana hewani. Saa saba ikapita. Nikamsikia mama anagumia, na mgumio wenyewe ulikuwa unapungua.

Hapo nilikasirika. Nasema ukweli wangu, mimi ni mtu wa hasira za karibu. Nilisimama mbele ya lile pazia nikapaza sauti, kitu ambacho hakuna mkwe aliyewahi kukifanya katika nyumba ile.

“Mama! Nikamwambie nini mwanao? Kwamba nilikaa kwenye kochi nikakusikiliza ukifa?”

Bibi alijiziba mdomo kwa khanga. Nilijua nimevuka mpaka. Halafu ikatoka sauti, ndogo, ya taratibu.

“Mkwe.”

“Naam mama.”

“Hili pazia ulilishona mwenyewe?”

Nilidhani anaweweseka. “Nililishona mwenyewe, mama.”

“Lina bitana?”

“Linayo. Nzito.”

“Nikilala, linanifika wapi?”

Nilipima kwa akili, kama ninavyofanya kila siku kwa milango ya watu. “Kichwani hadi chini ya nyayo. Na linabaki la kukunja.”

Akapumua. “Basi nesi alitoe anifunge. Wewe geuka utazame ziwa. Nikishafungwa, uje.”

Niligeuka. Nilisimama mlangoni nikatazama maji, na hadi leo sijui kama siku ile ziwa lilikuwa limetulia au limechafuka, kwa kuwa nilichokuwa nakiona ni kile nilichokisikia. Mtu ameshikwa na maumivu ya kumtoa roho, na amelala pale akipiga hesabu ya bitana. Mimi nilikuwa nimemtaka aivunje desturi yake. Kumbe yeye alikuwa akitafuta namna ya kupona bila kuivunja. Nimeshika vitambaa tangu nikiwa na miaka kumi na sita, na kabla ya siku ile sikujua kitambaa kinaweza kupewa kazi kubwa namna hiyo.

Nesi aliniita. Nikaingia ujiani kwa mara ya kwanza. Alikuwa amelala mkekani, amefungwa lile pazia la kahawia kuanzia utosini, mkunjo mmoja umeachwa mbele ya pua apate hewa. Nikapiga goti. Nikapitisha mkono mmoja chini ya mgongo, mmoja chini ya magoti. Nikainuka.

Niliinuka kwa nguvu nyingi mno, karibu nianguke kinyumenyume. Alikuwa mwepesi kuliko jora la kitambaa. Miaka kumi na mmoja nilikuwa nimemsikiliza mwanamke mkubwa, mwenye mabega, mwenye kuziba mlango. Yule niliyembeba alikuwa mifupa michache na joto kali linalopenya bitana. Moyo wake ulikuwa unapiga kwenye mkono wangu. Nilitamani kulia, lakini nilikuwa naogopa kumtikisa.

Tulimlaza kiti cha nyuma, kichwa chake mapajani mwa bibi. Nilipokaa kwenye usukani nikaona kioo cha ndani kinaniletea kiti chote cha nyuma, na lile pazia lilikuwa limeanza kulegea upande wa uso. Nikakigeuza kikatazama paa la gari. Tukaondoka.

Wanaoijua barabara ya kupanda kutoka ziwani hadi Mbinga wanajua kona zake. Lami ni nzuri, lakini mlima ni mlima, na mvua ilikuwa imeanza. Niliendesha sioni nyuma. Kila kona niliuliza kitu kimoja.

“Yupo?”

“Yupo,” bibi anajibu, anaendelea na rozari yake.

Kuna kona moja niliuliza, bibi hakujibu. Nikauliza tena. Gari lilikuwa limeanza kwenda lenyewe, nimesahau usukani. Kisha sauti ikatoka ndani ya kitambaa.

“Nipo. Tazama mbele.”

Hospitalini mke wangu alikuwa anangoja kwenye ngazi, kiatu kimoja kimemvuka hajui. Mhudumu alitaka kumfunua mama palepale getini, mke wangu akamsukuma kwa kiwiko akaingia na kitanda cha magurudumu hadi ndani. Utumbo ulikuwa umejisokota. Daktari alitoka baadaye akasema wamekata kipande, na kwamba tungechelewa hata saa mbili angekuwa anatuambia habari nyingine. Mimi nilikuwa benchini, nimekodolea macho pazia la kijani lililozungushiwa kitanda kimoja wodini. Pindo lake lilikuwa limeshonwa vibaya sana, uzi umekaa upande. Nikaanza kumweleza mke wangu jinsi lilivyotakiwa kushonwa, na katikati ya maelezo nikalia kama mtoto.

Alikaa hospitali majuma matatu. Kila jioni nilikwenda, nikasimama nje ya dirisha la wodi, nikakohoa. Siku ya nne ndipo alipojibu. Alisema uji wa huku milimani hauna chumvi.

Alipopona na kurudi kwao, wazee wa ukoo waliitisha kikao. Mjomba wa mke wangu, kaka yake mama, ndiye aliyekiongoza. Walisema jambo limetokea: mkwe amembeba mama mkwe mikononi, mwiko umekwisha vunjika, na kitu kilichovunjika hakifai kuachwa vipandevipande. Nilete mbuzi, mimi na mama tushikane mikono mbele ya watu, tangu hapo tuonane kama watu wengine.

Sitaki kudanganya, nilifurahi. Nilinyoa. Nilivaa shati jipya. Miaka yote ile nilikuwa nimetamani kumwona mtu anayenichekesha, na mbuzi nilimchagua mwenyewe, beberu mweupe, nikamteremsha hadi ziwani kwa pikapu.

Wazee walijaa sebuleni, na yule bibi jirani akiwemo. Mama alikuwa ujiani, kigodani pake, upande wake wa siku zote. Mjomba alieleza yote kwa urefu, akamalizia: “Sasa dada, toka umsalimie mkweo.”

“Amevunja nini?” sauti ikauliza. Ilikuwa imerudi, kubwa vilevile.

“Amekubeba.”

“Ameniona?”

Mjomba akanitazama. Nikatikisa kichwa.

“Hapana.”

“Amenigusa ngozi?”

“Hapana.”

“Muulizeni mwenzangu huyo aliyenipakata. Kioo cha gari alikigeuza juu, akapandisha mlima wote ule bila kutazama nyuma, na mimi nakufa. Vijana wangapi wangekumbuka? Hakuna kilichovunjika hapa. Mbuzi mleni, kwa kuwa ameshafika.”

Wazee wakacheka. Mimi nilikaa na shati langu jipya. Kwanza niliumia, nakiri, mtu aliyeahidiwa kitu akanyimwa. Halafu maumivu yakageuka pole pole kuwa kitu ambacho sina jina lake. Nilikuwa nimedhani kwamba hakuna aliyeniona nikigusa kile kioo. Yeye alikuwa amenifungia heshima yangu mahali ambapo hakuna mtu angeweza kuinunua kwa beberu.

“Na jambo lingine,” akasema, na cheko likakatika. “Siku nikifa, msigombane nani wa kunishusha kaburini. Atanishusha huyo.”

Mjomba alishtuka. “Dada, mkwe hashuki kaburini. Mkwe hukaa mbali na wageni. Haijapata kuwa.”

“Huyo atashuka,” mama akasema. “Uzito wangu anaujua.”

Wakanigeukia wote, wakingoja, kwa kuwa mkwe akiagizwa lazima aitikie. Nikaitikia kwamba nimesikia, mama, na kwamba nitashuka.